Jozi ya 5 na kusema kwanza: mgao mmoja uliozua ubishi Kisumu

Mchezo ni poka, na wachezaji wamebaki wawili. Blaindi, yaani madau ya lazima yanayowekwa kabla ya mtu kuona karata, ni 50 na 100. Mwalimu ana chipu 5,000, Fundi ana 7,000. Fundi ndiye mgawaji, kwa hiyo blaindi ndogo ni yake na ndiye anayetangulia kusema, yaani kuamua alipe, apandishe au atupe, kabla ya flopu, zile karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani kwa ajili ya wote. Anapandisha hadi 250. Mwalimu anachungulia karata zake: 5 ya uru na 5 ya shupaza. Anaongeza 150 juu ya blaindi yake kubwa kulipa, yaani kulifikia dau la mwenzake. Poti, chipu zote zilizowekwa katikati, ni 500.

Flopu inakuja kingi ya kopa, 8 ya pau, 3 ya uru. Mwalimu anapita, yaani haweki dau. Fundi anaweka dau la 170. Mwalimu analipa. Poti 840.

Karata ya nne ni jeki ya shupaza. Mwalimu anapita tena, Fundi anaweka 600. Hapa Mwalimu anakaa kimya kwa muda, anazipanga chipu zake upya, kisha analipa. Poti 2,040.

Karata ya tano ni 2 ya pau. Mwalimu anapita kwa mara ya tatu. Fundi anaweka 1,500. Mwalimu anatikisa kichwa na kutupa karata.

Fundi, kwa utundu wake, akafunua zake: kwini na 10. Hakuwa na kitu, hata jozi.

Sebule ikalipuka. Tulikuwa kwenye nyumba moja ya mtaa wa Tom Mboya, Kisumu, katika mchezo usio wa pesa: anayeshindwa mwisho huwapeleka wenzake Dunga, ufukoni mwa ziwa, na kulipia ngege, yaani samaki. Waliokwisha kutolewa walikuwa wamesimama nyuma ya viti, na kila mmoja alikuwa na hukumu yake. "Omera, ungelipa tu! Ulikuwa mbele!" "Mwalimu, umefukuzwa na kwini na 10!" Baada ya dakika chache wote walikuwa wamekubaliana kwamba kosa lilikuwa kutupa karata pale mwisho.

Mimi nilikuwa nikiandika hesabu ya chipu, na nilivyoona ni tofauti. Kutupa kule mwisho kulikuwa tawi la mti uliopandwa mapema, pale kwenye zile 600. Mwalimu alilipa 600 bila kujua angefanya nini kwa karata itakayofuata. Ikafuata karata bora kuliko zote alizoweza kuombea ukiacha tano yenyewe, na bado akatupa. Sasa zile 600 zilinunua nini?

Kabla ya kufika huko lazima tuseme jambo la viti, kwa sababu ndilo linaloifanya jozi ndogo iwe mzigo. Mezani kukiwa na watu wengi, blaindi ndogo hukaa kushoto kwa mgawaji. Wakibaki wawili, mgawaji mwenyewe ndiye huweka blaindi ndogo. Kabla ya flopu hutangulia kusema, na kuanzia flopu hadi mwisho husema wa mwisho. Kwenye michezo yetu ya nyumbani kanuni hii hupindishwa mara nyingi, watu wakiendelea kuzungusha blaindi kama mezani kungali na watu wanane, na matokeo yake ni kwamba mtu mmoja anafaidi kuliko inavyotakiwa. Usiku huo tuliisimamia ipasavyo. Mwalimu kwenye blaindi kubwa alijua kwamba flopu ikija atasema kwanza, karata ya nne atasema kwanza, na ya tano vilevile.

Hasara ya kusema kwanza haitokani na uchezaji mbaya peke yake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, wakiongozwa na Michael Bowling, waliandika katika jarida la Science kuhusu programu yao iitwayo Cepheus, iliyokaribia kabisa kuupatia jibu kamili mchezo wa poka ya watu wawili ule wenye madau ya kiwango maalumu. Katika hesabu yao, hata pande zote mbili zikicheza bila kosa, mgawaji hupata faida ya kati ya sehemu 87 na 90 za 1,000 za blaindi kubwa kwa kila mgao. Huo ni mchezo wenye madau yaliyofungwa. Katika mchezo wetu, ambapo mtu anaweza kuweka chochote alicho nacho, anayesema mwisho ana nafasi kubwa zaidi ya kumbana anayesema kwanza. Kwa hiyo anayekaa blaindi kubwa hana lengo la kushinda kiti kile. Lengo lake ni kupoteza kidogo pale na kurudisha zamu yake ya kugawa ikifika.

Tuanze na malipo ya kwanza, zile 150.

Wengi wetu tulijifunza poka kwenye meza za watu sita, wanane, au kwenye simu, na pale jozi ndogo huchezwa kwa msemo mmoja: seti au tupa. Unalipa kidogo, ukipata tano ya tatu kwenye flopu unavuna, usipopata unaachia. Hesabu ya msemo huo ni kweli. Ukishika jozi, kuna flopu 19,600 zinazoweza kuja, na zinazokuletea angalau karata moja ya jozi yako ni 2,304, yaani asilimia 11.8. Ni mara moja katika kila mara nane na nusu. Mezani kukiwa na watu wengi na aliyepandisha amekaa mwanzo wa zamu, huyo huwa na karata nzito, esi mbili au kingi mbili, na ukipata seti ana kitu cha kukulipa.

Wawili wakibaki, msingi huo huporomoka. Fundi alikuwa akipandisha karibu kila mgao aliogawa, na mtu wa namna hiyo theluthi mbili za wakati flopu inampita bila kumgusa. Ukipata seti yako, mara nyingi utakutana na mtu asiye na chochote cha kukupa. Kwa hiyo ukicheza 5-5 kwa kusubiri seti peke yake, mara nane unaachia chipu, na ile moja unayopata unaambulia makombo.

Lakini upande wa pili wa shilingi ndio wengi hawauoni. Dhidi ya karata mbili zozote, 5-5 hushinda takriban asilimia 60 ya wakati ikiwa karata zote tano zitafunuliwa. Hata 2-2 iko juu ya nusu, kwa unyoya. Dhidi ya mtu anayepandisha karibu kila kitu, 5-5 inabaki juu ya nusu. Mwalimu alitakiwa kulipa 150 ili poti ifike 500, kwa hiyo alihitaji kushinda asilimia 30 ya wakati. Kutupa pale kungekuwa woga, na kulipa kulikuwa sahihi. Angeweza pia kupandisha juu yake, tuseme hadi 1,000. Sikatai, ila kwa blaindi 50 mkononi sipendi. Anayelipa 1,000 hizo atakuwa akisema baada yako mgao wote na poti kubwa, na anayekusukumia chipu zake zote anakulazimisha uitupe jozi uliyokwisha kuilipia ghali. Nilimuuliza Mwalimu kama aliiwazia njia hiyo, akasema hapana. Sikuona haja ya kumsukuma zaidi juu ya hilo.

Flopu: kingi, 8, 3.

Hapa kuna jambo la kumtuliza mtu anayeona karata kubwa na kushtuka. Ukiwa na 5-5, flopu isiyokuwa na karata hata moja iliyo juu ya 5 huja mara 364 katika hizo 19,600. Haifiki hata asilimia 2. Anayesema "nitalipa kama hakuna karata kubwa" kwa kweli ameamua kutupa kila wakati. Na ndivyo Mwalimu alivyofanya mapema usiku uleule: alikuwa na 4-4, flopu ikaja 9, 7, 2, Fundi akaweka dau dogo, naye akatupa papo hapo akionyesha karata zake kwa fahari ya mtu mwenye nidhamu. Nilimwona Fundi akizitazama zile 4 mbili. Tangu dakika hiyo aliweka theluthi ya poti kwenye kila flopu, awe na kitu au asiwe nacho. Kwa nini asiweke? Ameshaambiwa kwamba inafanya kazi.

Kwenye flopu ya kingi, 8, 3, hesabu inataka uvumilivu kuliko akili. Karata ambazo Mwalimu hajaziona ni 47. Kutoka hizo kuna namna 1,081 za kushika karata mbili. Namna zinazoishinda 5-5 pale mezani ni 306: zote zenye kingi au 8, zile za 3 mbili, na jozi za mkononi zilizo juu ya 5. Namna moja ni sare, yaani 5 mbili zilizobaki. Zilizobaki zote, 774, ziko nyuma yake. Dhidi ya mtu anayeweka dau na kila kitu, Mwalimu yuko mbele kwa zaidi ya asilimia 71.

Kuwa mbele hakumaanishi kuwa salama. Mtu mwenye kwini na 10 hana kitu, lakini ana karata sita za kumfufua, kwini tatu na 10 tatu, na karata mbili bado zinakuja. Atafufuka kama robo ya wakati. Wakati huo huo Mwalimu, akiwa nyuma, ana tano mbili tu za kumwokoa. Tofauti hii ya sita kwa mbili ndiyo tabia ya jozi ndogo: ina thamani kubwa leo, na thamani hiyo inapungua kwa kila karata inayofunuliwa. Ukilipa 170 ili poti ifike 840, unahitaji asilimia 20. Anazo, tena na ziada. Kulipa ni sahihi na sitaki mtu aniambie vinginevyo.

Kuna njia nyingine inayostahili kutazamwa, nayo ni kupita kisha kupandisha. Mwalimu anapita, Fundi anaweka 170, Mwalimu anapandisha hadi 550. Anahatarisha 550 kushinda 670 zilizo mezani, kwa hiyo Fundi akitupa asilimia 45 au zaidi tayari ni faida hata kama 5-5 zingekuwa karatasi tupu. Na Fundi aliyeweka dau na kila kitu atalazimika kutupa nyingi: kwini na 10, esi na 6, jeki na 9, zote zile zenye karata sita za kufufuka. Kuzifukuza sasa ni kuzinyima ile robo yao. Ubaya wake ni kwamba akilipa, poti inakuwa 1,600, wewe unasema kwanza, na aliyebaki mbele yako karibu hakika ana jozi kubwa kuliko yako. Ningeifanya mara chache, hasa kwa mtu aliyezoea kuniona nikitupa. Mwalimu alikuwa amejijengea sifa hiyohiyo usiku ule, na hakuitumia.

Jambo alilokosa kufanya kwenye flopu ni dogo na halikuhitaji chipu hata moja: kuamua ni karata gani ya nne itakayomsimamisha. Katika zile 47, esi nne, kwini nne, jeki nne, 10 nne na 9 nne zinafanya 20. Kila moja ya hizo inamgusa mtu anayepandisha mgao wowote, ama kwa kumpa jozi au kwa kumpa njia ya mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana. Hiyo ni zaidi ya asilimia 42 ya karata zinazokuja. Upande wa pili kuna 2, 3, 4, na 8 za kujirudia, ambazo hazibadilishi lolote au hata zinapunguza uwezekano kwamba Fundi ana kitu. Ukiwa wa kusema mwisho unaweza kuahirisha uamuzi huu, maana utamwona mwenzako kwanza. Ukiwa wa kusema kwanza huna anasa hiyo.

Ikaja jeki. Fundi akaweka 600 kwenye poti ya 840.

Hapa ndipo nitakaa, maana hapa ndipo mgao wote ulipo.

Kwanza bei. Mwalimu anaweka 600 ili poti ifike 2,040. Anahitaji asilimia 29.4. Alipoulizwa baadaye, Mwalimu, ambaye hufundisha hisabati, alisema kwa utulivu: "Niliona nina karibu thelathini. Ndiyo maana nililipa." Na hesabu yake haikuwa ya kubahatisha. Hebu tumpe Fundi orodha ya karata ambazo mtu wa kawaida angeweka nazo dau la pili kubwa kiasi hicho. Kingi ikiandamana na esi, kwini, jeki, 10 au 9: namna 57. Seti za kingi, jeki, 8 na 3: namna 12. Esi mbili: 6. Jumla 75 zinazomshinda Mwalimu. Za vitisho, yaani za kuweka dau bila kitu mkononi ili kumfukuza mwenzake, tumpe zile zilizopata njia ya mfululizo kwa kuja kwa jeki: kwini na 10 namna 16, 10 na 9 namna 16, esi na kwini namna 16. Jumla 48.

Dhidi ya kwini na 10, au 10 na 9, Mwalimu hushinda karata 30 kati ya 44 zilizobaki, yaani asilimia 68. Dhidi ya esi na kwini, 34 kati ya 44. Dhidi ya kingi zilizo mbele yake ana zile tano mbili tu, asilimia 4 na nusu, na dhidi ya seti za kingi, jeki na 8 hana kitu. Ukijumlisha vyote, anapata kama asilimia 30.2. Alihitaji 29.4. Kwa hiyo Mwalimu ana haki ya kusema bei ilitosha, kwa ukucha.

Sasa ondoa esi na kwini. Wako wengi wanaopita na esi na kwini pale, wakiamini esi yenyewe inaweza kutosha. Ukiziondoa hizo 16, Mwalimu anashuka hadi asilimia 23. Bei ni ileile 29.4. Yaani uhalali wote wa kulipa 600 unategemea kama Fundi hutisha na aina moja tu ya ziada. Na kitabu changu cha chipu kilionyesha kwamba dau lake la kwanza lilikuwa la karata zozote, lakini la pili halikuwa hivyo. Mara nyingi baada ya kulipwa kwenye flopu alipita. Alipoweka kubwa kwenye karata ya nne na karata zikafunuliwa, alikuwa na kitu. Kwa mtu wa namna hiyo mimi ningetupa 5-5 pale bila kinyongo, nimelipa 250 na 170, basi.

"Lakini alikuwa na kwini na 10!" Ndiyo. Kwini na 10 zimo kwenye hesabu, zile namna 16. Kulipa dhidi ya kwini na 10 ni vizuri sana, na kulipa dhidi ya orodha yote ya Fundi ni vibaya, na hayo mawili hayapingani hata kidogo.

Hata hivyo, tuchukue kwamba Mwalimu alimsoma Fundi tofauti na mimi. Tukubali ile asilimia 30. Bado kuna kitu hakimo ndani yake. Asilimia 30 hiyo huhesabiwa kana kwamba karata ya tano inafunuliwa na mgao unaisha. Haukuisha. Fundi alikuwa na chipu, alikuwa wa kusema mwisho, na Mwalimu alikuwa amebaki na 3,980. Mwalimu akipita kwenye karata ya tano, Fundi anachagua: akiwa na kingi dhaifu anaweza kupita na kuchukua poti vilevile, akiwa na kubwa anaweka, akiwa hana kitu anaamua kama atatisha tena. Mwalimu hawezi kumnyang'anya uchaguzi huo.

Kwa hiyo aliyelipa 600 alitakiwa kuwa na jibu la swali hili kabla ya chipu kutoka mkononi: karata ya tano ikiwa haijabadilisha kitu na Fundi akaweka tena, nalipa au natupa? Kama jibu ni "nalipa", sina ugomvi, huo ni mchezo wa mtu aliyemsoma mwenzake kuwa mtishaji. Kama jibu ni "natupa", basi kinachobaki cha kununuliwa kwa 600 ni vitu viwili: Fundi kukata tamaa na kupita, au tano kutokea. Tano hutokea mara 2 katika 46, yaani 22 kwa moja. Ili tano peke yake ilipe 600, Mwalimu angehitaji kuvuna 13,200. Chipu zote zilizokuwa mezani, zake na za Fundi, zilikuwa 12,000. Kinachobaki ni tumaini la Fundi kupita, kutoka kwa kijana ambaye dakika ileile alikuwa ameonyesha hana nia ya kupita. Kulipa kule halafu kutupa kwa 2 ya pau ni kulipa nauli ya Ahero ukashuka njiani, Nyamasaria.

Na ile 2 ya pau, nirudie, ilikuwa zawadi. Haikukamilisha kwini na 10, haikukamilisha 10 na 9, haikuipa esi na kwini jozi. Kila kitisho kilichokuwepo kwenye karata ya nne kilibaki kitisho. Fundi aliweka 1,500, Mwalimu akihitaji 1,500 ili poti ifike 5,040, asilimia 29.8. Tukiamini ile orodha iliyohalalisha 600, yaani vitisho 48 dhidi ya 75, vitisho vyote vikiendelea, ni asilimia 39, na kulipa ni lazima. Tukiamini orodha yangu, ya mtu asiyetisha na esi na kwini, na ambaye nusu ya vitisho vyake angeviacha, ni vitisho 16 dhidi ya 75, na kutupa ni sahihi, lakini basi hata 600 hazikutakiwa kutoka. Hakuna orodha hata moja niliyojaribu inayofanya kulipa 600 na kutupa kwenye 2 ya pau viwe sahihi vyote viwili, isipokuwa ile ya mtu anayetisha mara mbili kwa wingi na mara ya tatu karibu kamwe. Watu hao wapo. Fundi alikuwa ameshaonyesha kwamba si mmoja wao.

Kwa nini alilipa basi? Nadhani hakulipa kwa hesabu, ingawa hesabu aliipata baadaye. Alikuwa amechoshwa. Zile 4-4 alizotupa mapema zilikuwa zinamuuma, na kila dau dogo la Fundi baada ya hapo lilikuwa kama kibao. Kwenye jeki aliamua kwamba safari hii hasukumwi. Kisha 1,500 ilipokuja hasira ilikuwa imeisha na nidhamu ikarudi, katika wakati mbaya kabisa wa kurudi. Fundi mwenyewe, alipokuwa akikusanya chipu, alisema kwa adabu: "Mwalimu, usinikasirikie. Nilijua ukiwa na kingi ungepandisha kwenye flopu." Hilo nalo ni la kutia maanani. Mwalimu alikuwa akipita na kulipa na kila kitu cha wastani, na kupandisha na vizito tu, kwa hiyo alipolipa mara mbili mwenzake alikuwa tayari anajua uzito wa mkono wake. Anayesema kwanza akiwa na tabia moja ni kama ameonyesha karata. Angelikuwa anapita na kulipa wakati mwingine akiwa na esi na kingi, ile 1,500 ingemfanya Fundi afikiri mara mbili.

Mwalimu hakukubaliana nami yote. Alishikilia kwamba dhidi ya Fundi angelipa zote mbili, 600 na 1,500, na kwamba kosa lake lilikuwa la mwisho kama watu walivyosema. Nikamwambia hilo linawezekana, mradi asilipe ya kwanza akiwa hajaamua ya pili. Nikamuuliza angefanyaje kama karata ya tano ingekuwa 9. Akasema angetupa. Na esi? Angetupa. Kwini? Angetupa. 10 je? Akafikiri, akatupa. Hizo ni karata nyingi za kutupa kwa mtu aliyelipa 600.

Baadaye blaindi zilipanda hadi 150 na 300, na Mwalimu akabaki na chipu 3,900, blaindi 13. Fundi akapandisha hadi 600. Mwalimu alikuwa tena kwenye blaindi kubwa, safari hii na 3-3, na akasukuma zote bila kusita. Hapo hatukuwa na ubishi. Akilipwa na karata mbili kubwa, kama kwini na jeki, ni karibu nusu kwa nusu, na karata zote tano zitafunuliwa bila Fundi kupata nafasi ya kuuliza swali jingine: faida ya kusema mwisho imezimwa. Akilipwa na jozi kubwa ameumia, atashinda chini kidogo ya mara moja katika tano, ila jozi zote kwa pamoja ni namna 78 tu kati ya 1,326 za karata mbili. Na Fundi, anayepandisha kila kitu, lazima atupe nyingi kwa sababu anatakiwa kuongeza 3,300 akiwa na angalau asilimia 42. Alihesabu, akatupa, na Mwalimu akaokota 900. Kwa blaindi 50 sukumo hilohilo lingekuwa kuhatarisha 4,900 kwa ajili ya 350, na wa kulipa wangekuwa karibu wale tu wenye jozi kubwa kuliko yake au esi nzito.